Haki Iliyobaki Baada ya Mirathi Kugawanywa

Ninaandika kwa ajili ya familia ambazo mzee wao yu hai na hazijazungumza kuhusu mirathi, na kwa ajili ya zile zilizomo ndani ya shughuli hiyo sasa na zinashangaa mbona ndugu waliolala kitanda kimoja utotoni wameanza kusemezana kwa ukali. Baba yetu alifariki akaacha nyumba moja Majengo, hapa Mombasa, deni dogo la duka, na daftari la kodi za vyumba. Si mali kubwa. Hata hivyo kuigawanya kulitulazimisha kukabili swali ambalo sikudhani lingeingia nyumbani kwetu: mtu hujuaje kwamba jambo hili ni haki na lile ni dhuluma, na ujuzi huo aliupata wapi?

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule, jengo ni letu lakini ardhi si yetu. Kiwanja kina mwenyewe na hulipwa kodi yake. Vyumba vitatu vilikuwa vya wapangaji, kimoja cha Baba na Mama, na viwili vya nyuma alikaa mjane wa kaka yetu wa kwanza pamoja na watoto wake watatu. Kaka huyo alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa kabla ya Baba, na Baba akasema mbele yetu sote kwamba wajukuu wale hawataondoka pale maadamu yeye yu hai. Ahadi hiyo aliitimiza. Wasiya hakuandika.

Wengi hudhani, kama tulivyodhani sisi, kwamba watoto wa marehemu husimama mahali pa baba yao. Katika mirathi ya Kiislamu sivyo: mtoto wa kiume aliye hai humzuia mjukuu, na sisi tulikuwa na ndugu wawili wa kiume walio hai. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni ya maiti, kisha wasiya usiozidi thuluthi na usiokuwa kwa mrithi, ndipo mafungu yagawanywe. Katika madeni yetu iliingia sehemu ya mahari ya Mama ambayo haikuwahi kulipwa. Wajane wengi huona haya kuitaja, nami nawasihi waitaje, kwa kuwa ni deni kama madeni mengine na hutangulia fungu la mtoto yeyote. Baada ya hapo hesabu ilitoka nyepesi: thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, ya Mama, thumni moja kwa kila mmoja wetu watatu wa kike, thumni mbili kwa kila mmoja wa ndugu zetu wa kiume. Thumni nane zikaisha, na wajukuu watatu hawamo.

Misri iliuona ugumu huu, na katika sheria yake ya wasiya ya 1946 ikaweka wasiya wa lazima kwa wajukuu waliofiwa na mzazi kabla ya babu, ndani ya ile thuluthi. Pakistan mwaka 1961 ikapita njia nyingine, ikawapa wajukuu fungu ambalo mzazi wao angelipata lau angekuwa hai. Kenya haina sheria ya namna hiyo kwa mirathi ya Waislamu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake, naye huamua kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo asiende mtu mahakamani akitarajia Kadhi awaingize watu ambao mzee mwenyewe, aliyekuwa na uwezo wa kuwaachia hadi thuluthi kwa karatasi moja na mashahidi wawili, hakuwaandikia.

Kikao cha kwanza tulikifanya ukumbini, Mama akiwa bado katika eda yake ya miezi 4 na siku 10, mjomba wetu akisimamia kwa kuwa hakuwa mrithi na kila mtu alimstahi. Kaka yangu, mkubwa wa waliobaki, alizungumza kwa utulivu na kwa hoja. Alisema, “Mwenyezi Mungu amegawanya mwenyewe, hakumwachia mtu kazi hiyo. Sisi ni nani tuje tuongeze warithi?” Dada yangu akamjibu kwamba hakuna aliyetaka kuongeza warithi, yeye aliuliza tu wale watoto waende wapi. Kaka akasema huruma ni jambo jingine na haki ni jambo jingine, na kwamba anayeyachanganya huishia kuharibu yote mawili. Sikuwa na jibu. Hoja yake ilikuwa na uzito, na bado naiona ina uzito.

Wakati huo mtoto wa mwisho wa marehemu, msichana ambaye hata madrasa alikuwa ndiyo kwanza ameanza, aliingia na sinia ya chai ya tangawizi. Alikuwa amefunzwa vizuri. Akaanza kwa mjomba, akamwamkia, akaweka kikombe upande wa mkono wa kulia, akaenda kwa Mama, kisha kwa Kaka, akifuata umri wetu bila kukosea hata mmoja. Alipofika kwa Kaka aliuliza, “Ami, sukari imetosha?” Kaka alikuwa ametoka kutamka muda ule ule kwamba vyumba viwili vya nyuma vitiwe wapangaji. Alikishika kikombe asikinywe, na ukumbi mzima ukanyamaza mpaka mtoto alipotoka. Hakuna aliyekuwa ametoa hoja mpya. Hakuna aya iliyosomwa. Lakini kila mmoja wetu, Kaka akiwemo, alikuwa amehisi jambo lile lile kwa wakati mmoja, na kilichonisumbua baadaye ni kujua hisia ile ilitoka wapi na kama ilistahili kusikilizwa.

Jawabu la kwanza lililonijia lilikuwa dini, na sikuwa na sababu ya kulitilia shaka, ila siku chache baadaye mpangaji wa chumba cha mbele, mama Mkristo kutoka bara anayeuza mboga Marikiti, aliniita pembeni akaniuliza kodi yake sasa ampe nani. Nikamweleza yanayoendelea. Akauliza mara moja, “Na watoto wa marehemu kaka yenu?” Yeye hajasoma Kitabu chetu, wala hakulelewa na wazazi wetu, na bado swali lake lilikuwa ndilo la dada yangu.

Nililipeleka jambo hili kwa sheikh anayesomesha darsa katika msikiti wa mtaani, mtu mvumilivu ambaye hakuniona nimeuliza ovyo. Alinieleza kwamba swali hilo lina umri mkubwa. Mu'tazila wa Basra, kundi la wanazuoni wa kale, walisema akili ya mwanadamu huweza kuujua wema na uovu hata kabla ya kufikiwa na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, alikuwa mmoja wao kisha akawaacha, akashika kwamba jambo huwa jema kwa kuwa Mungu ameliamrisha, na wanazuoni wengi wa Kishafii, wakiwemo wa pwani yetu, wakaifuata njia yake. Al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki 944, akasimama baina yao, akasema akili huweza kuyatambua baadhi ya hayo ingawa wajibu huletwa na wahyi. Kaka yangu, bila kujua, alikuwa akisema ya al-Ash'ari. Dada yangu alikuwa karibu na Mu'tazila. Kisha sheikh akanikumbusha Surat Shams, ambayo kila mtoto wa madrasa huihifadhi mapema: Mungu anaapa kwa nafsi, kisha anasema ameifahamisha uovu wake na wema wake. Akaongeza hadithi kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani umbile safi aliloumbwa nalo. Kwa hiyo, alisema, usishangae mpangaji wako akiona unachokiona.

Nilitaka kuondoka na furaha hiyo, lakini alinizuia kwa onyo ambalo kwangu lilikuwa na faida kuliko yote yaliyotangulia. Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika kwamba mara nyingi watu huliita jambo zuri kwa sababu linaafikiana na makusudio yao, nao hawatambui kwamba makusudio yao ndiyo yanayosema. Sheikh akaniuliza mimi mwenyewe napata nini wajukuu wakibaki pale. Nilitafakari usiku ule. Wakibaki pale, Mama anakuwa na watu wa kumwangalia, nami nisiyeishi Majengo ninapumzika. Hisia yangu haikuwa safi kama nilivyoidhania. Haikuwa batili kwa sababu hiyo, lakini ilihitaji kupimwa.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alileta upande mwingine. Darwin, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1871 aliandika kwamba dhamiri ya mwanadamu imekua kutokana na silika za viumbe wanaoishi pamoja, zikiongezewa akili inayoweza kukumbuka na kulinganisha. Akanieleza pia jaribio la Sarah Brosnan na Frans de Waal lililochapishwa 2003: nyani wadogo wa Amerika waitwao kapuchini, waliokuwa wakipokea kipande cha tango kwa radhi, walianza kukikataa walipomwona mwenzao akipewa zabibu kwa kazi ile ile. Na mwaka 2007 Kiley Hamlin na wenzake walitangaza kwamba watoto wachanga wa miezi 6 na wa miezi 10 humpendelea kikaragosi anayemsaidia mwenziwe kupanda mlima kuliko anayemzuia, ingawa mpwa wangu alikuwa mwaminifu wa kunieleza kwamba utafiti mkubwa wa maabara nyingi uliochapishwa 2024 ulirudia jaribio hilo na haukuyaona matokeo yale.

Hayo ya kapuchini yalinikaa sana, kwa sababu niliiona familia yangu ndani yake, tena kwa namna isiyonifurahisha. Anayetupa tango ni yule aliyepunjwa. Hasira ya kupunjwa hatukuhitaji kufunzwa na yeyote: kila mmoja wetu alikuja kikaoni ameishika, hata mimi niliyekwisha kujua kwamba fungu la Kaka ni mara mbili ya langu na sababu za kisheria za tofauti hiyo, ikiwemo matumizi ya nyumba ambayo mwanamume hubebeshwa na mwanamke husamehewa. Jambo gumu, ambalo jaribio la tango halikulieleza, ni la yule aliyeshika zabibu: kwa nini aone vibaya kuila? Kaka alikuwa na kikombe mkononi, haki yake imeandikwa, hakuna aliyemnyang'anya kitu, na bado hakunywa. Silika ya kutopunjwa haitoshi kueleza hilo.

Nilirudi kwenye sura ile ile ya Nisaa ambayo Kaka aliitegemea, nikaisoma aya kabla ya zile za mafungu. Ya 8 inasema kwamba wakihudhuria mgawanyo jamaa wasiorithi, mayatima na maskini, wapewe kitu katika mali ile na waambiwe maneno mema. Ya 9 inawataka waogope wale ambao, lau wangeacha nyuma yao watoto wanyonge, wangewahofia. Ya 10 inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Baada ya hizo ndipo yanaanza mafungu. Nimeisoma sura ile miaka mingi na sikuwahi kuuzingatia mpangilio huo. Aya ya 9 haitoi hesabu yoyote. Inamtaka mtu awaweke watoto wake mahali pa watoto wa mwingine kisha asikie moyo wake unasema nini. Kama hisia ile haikuwa na thamani mpaka iandikwe, Kitabu kisingemrejesha mtu kwake. Kinazungumza na kitu ambacho kinajua tayari kimo ndani yetu. Wanazuoni wengi wameiona aya ya 8 kuwa ni jambo la kupendekezwa, si faradhi, na Kaka alikuwa sahihi kulisema hilo. Lakini kupendekezwa si sawa na kutokuwepo.

Nilimpelekea Kaka aya hizo peke yake, si mbele ya watu. Ninapendekeza hilo kwa kila aliye katika mvutano kama wetu: dalili unayoitoa kikaoni hugeuka silaha, na mtu hujilinda.

Kuhusu malezi, nitasema ninayoyajua. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, Baba alitupanga mlangoni na sahani zilizofunikwa kawa, kila mtoto na nyumba yake. Sahani ya kwanza haikwenda kwa rafiki yake wala kwa jirani aliyeturudishia sahani iliyojaa. Ilikwenda kwa bibi mmoja asiyekuwa na mtoto, aliyerudisha sahani tupu iliyooshwa vizuri. Hatukuelezwa sababu. Nilipofikia umri wa kujiuliza, miguu yangu ilikuwa imekwisha kuzoea kwenda nyumba ile kwanza, na kwenda kwingine kwanza kungenifanya nijione kama nimevaa kiatu cha upande. Naamini sehemu kubwa ya tunachokiita dhamiri hutengenezwa hivyo, kwa kazi ndogo za mikono kabla maneno hayajafika. Waswahili wamesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini Kaka na mimi tulibeba sahani zile zile kutoka mlango ule ule, na tukafika kikaoni na rai mbili. Malezi yalitupa wote wawili ile haya ya kukishika kikombe bila kunywa. Kilichobaki, yaani kuamua haya ile inadai nini, ilibidi kila mmoja akitafute kwa akili yake, kwa kuuliza, na kwa kusikiliza asiyekubaliana naye.

Ipo hadithi katika mkusanyiko wa Imam Muslim kwamba dhambi ni lile linalosumbua kifuani mwako nawe ukachukia watu walijue. Tuliigeuza kuwa utaratibu. Mjomba alitaka kikao cha pili kifanyike mjane wa marehemu akiwepo, na kwamba kila pendekezo juu ya wanawe litamkwe akisikia. Mapendekezo mawili yaliyokuwa yamekaririwa kwa simu kwa wiki nzima hayakutamkwa kabisa siku hiyo.

Mashauri ya kisheria yalikwenda bila ajabu. Tulihitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, vitambulisho, na orodha ya mali na madeni. Barua hiyo isomwe neno kwa neno kabla ya kuondoka nayo, kwa maana jina la mrithi wa kike likikosekana, hata kwa bahati mbaya, kulirudisha ni kazi na kunazaa tuhuma. Risiti za kodi ya kiwanja zitafutwe mapema. Zetu zilikuwa zimechanganyika na za maji, na malimbikizo yalikuwa yameanza kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake analipa. Wapangaji nao waambiwe kwa maandishi kodi aipokee nani mpaka mgawanyo ukamilike. Wetu wawili walikaa bila kulipa wakiogopa kumpa mtu asiye wake, na fedha hiyo haikupatikana tena. Gharama iliyotuumiza kuliko zote hata hivyo haikuwa ya fedha. Dada zangu wawili hawakusemezana Ramadhani nzima, na presha ya Mama ilipanda tukamlaza.

Baada ya hukumu, kila mtu mzima akawa huru kutoa katika fungu lake, na hapa uangalifu ni muhimu. Mrithi mtoto hawezi kutoa chake wala mtu kukitoa kwa niaba yake. Kwetu hakukuwa naye, kwenu anaweza kuwepo. Hiba, yaani zawadi mtu anayoitoa akiwa hai, haitimii kwa maneno mpaka ikabidhiwe. Na hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasiya, hairuhusiwi kuvuka thuluthi, kwa hiyo mwenye nia asingoje augue. Mama aliwapa wajukuu thumni yake yote akiwa mzima wa afya. Dada yangu mmoja na mimi tukatoa zetu. Mdogo wetu wa kiume akatoa moja kati ya mbili zake. Tuliandika, mashahidi wakatia saini, nakala ikawekwa katika jalada la mahakama, na mjane akaanza kupokea kodi ya vyumba vinavyolingana na thumni hizo nne kwa jina la wanawe.

Dada yangu wa tatu hakutoa, ana wagonjwa wake, na hakuna aliyemlaumu. Kaka pia hakutoa. Analipa karo ya mtoto mkubwa wa marehemu kila muhula, moja kwa moja shuleni, na anasisitiza kwamba hiyo ni sadaka yake na si fungu la mtu. Tumebishana tena juu ya hilo, kwa upole sasa. Anaamini kwamba nikiita haki kitu ambacho sheria haikukiita hivyo, siku nyingine mwenye nguvu zaidi yangu atafanya vivyo hivyo na kumnyang'anya mnyonge fungu lililoandikwa, na kwamba mafungu yale ndiyo yaliyowalinda wanawake kama mimi wasinyimwe kabisa. Hoja hiyo naikubali kwa sehemu kubwa. Ninachoshikilia ni kwamba mafungu yalitulinda sisi kwa kuwa yalikuja kusahihisha dhuluma ambayo wenye nguvu waliizoea, na aliyewahi kulindwa hivyo ana sababu zaidi ya kumtazama aliyebaki nje ya hesabu. Tumekubaliana jambo moja la vitendo: yeye na mimi tumeandika wasiya zetu, kila mmoja wake, na yeye ndiye aliyenitafutia mashahidi.